Nilikunywa soda mbili, nikalipa 54,400

Shangazi, shikamoo.

Nimekusoma miaka mingi bila kuandika. Leo naandika na naona haya kidogo, maana wenzangu wanakuletea ndoa na mirathi, mimi nakuletea bili ya nyama choma.

Nina miaka 31, nauza dawa kwenye famasi moja hapa Kinondoni. Tuko marafiki watano tuliosoma chuo pamoja. Kila Ijumaa ya kwanza baada ya mshahara tunakutana sehemu moja Sinza, tunakula, wanaokunywa wanakunywa, tunacheka mpaka saa sita usiku. Anayeshika hela ni mwenzetu tunayemwita Mhazini, kwa sababu hata chuoni yeye ndiye alikuwa anakusanya michango. Tunamtumia kwenye simu, yeye analipa kwa lipa namba, tunaondoka. Hesabu yetu siku zote ni moja: jumla, gawanya kwa vichwa.

Mimi pombe sinywi. Wenzangu wanne, yaani Mhazini, Mama Pacha, Mwalimu na Injinia, wanakunywa bia, na hawanywi kwa kubahatisha. Miaka mitatu sasa nalipia bia ambazo sijaonja hata povu, na nimekausha, kwa sababu ukianza kuuliza bei mezani unaitwa mkono wa birika.

Ijumaa iliyopita imenishinda. Mhazini alikuja na binamu yake, yuko likizo kutoka Houston, Marekani. Tukawa sita. Tulichotumia nakinakili kwenye picha ya risiti ambayo Mhazini aliitupia kwenye grupu: mbuzi choma kilo mbili 44,000, kuku mzima 30,000, sahani tano za ndizi na chipsi 20,000, maji makubwa mawili 4,000, soda nne 6,000 (mbili zangu, mbili za Mama Pacha kabla hajaanza bia), na bia 33 kwa 4,000 kila moja, 132,000. Jumla 236,000.

Binamu akaichukua risiti, akaimulika kwa tochi ya simu. Akasema kodi ni 36,000, akaijumlisha, ikawa 272,000. Halafu akasema kwao ukiacha tip chini ya asilimia 20 umemtukana mhudumu. Watu walishachangamka, nani abishe? Asilimia 20 ikawa 54,400. Jumla kuu 326,400, gawanya kwa sita, kila mtu 54,400. Nikatuma. Mama Pacha akatuma, Mwalimu akatuma. Injinia akasema mtandao unamsumbua, atatuma kesho, kama kawaida yake. Binamu alipotoa pochi, Mwalimu akamshika mkono: mgeni hachangi bwana.

Sasa sikia. Jumanne yule dada aliyetuhudumia kaja famasi kwetu kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Akanikumbuka, akanishukuru kwa elfu tano ya Ijumaa. Nikamuuliza elfu tano ipi. "Ile mliyoniachia." Shangazi, nilibaki nimeshika chupa ya dawa mkononi. Tumechangishwa tip ya 54,400, mwenyewe kapata buku tano!

Nimeshaandika ujumbe wa kumuumbua Mhazini kwenye grupu, bado kuutuma tu. Kabla sijautuma nijibu: hiyo kodi kweli inaongezwa? Asilimia 20 ndiyo sheria? Na nawaambiaje kwamba bia zao nimechoka kuzilipia, bila kuonekana bahili?

Mnywa Soda, Kinondoni

Marahaba, mwanangu. Pole. Ujumbe huo ufute kabla kidole hakijateleza. Nimekaa na barua yako na kalamu tangu asubuhi, na huyo mwizi unayemtafuta huenda ndiye aliyetoa hela nyingi kuliko ninyi nyote.

Umewataja waliotuma: wewe, Mama Pacha na Mwalimu. Watatu mara 54,400 ni 163,200. Risiti ilikuwa 236,000, dada kapewa 5,000, kwa hiyo zilizotoka ni 241,000. Kama Injinia hajatuma mpaka leo, basi Mhazini alifukia shimo la 77,800 kutoka mfukoni mwake, wakati fungu lake lilikuwa 54,400 kama la kila mtu. Mlimkatia mgeni fungu, dakika hiyo hiyo mkamsamehe fungu hilo, na hakuna aliyeuliza limehamia kwa nani. Lilihamia kwa mwenye simu.

Lakini kama kesho yake Injinia alituma kweli, mambo yanageuka. Hapo Mhazini alipokea 217,600, akaongeza 23,400 tu, na hizo ndizo zikawalisha na kuwanywesha yeye na binamu yake. Hapo ana la kueleza. Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwa Injinia, na ndiyo maana nakukataza grupu. Mpigie Mhazini simu, au mfuate kazini wakati wa chakula cha mchana. Mwambie hivi: "Ile Ijumaa nimejaribu kupiga hesabu ikanishinda. Injinia alikutumia? Wewe ulitoa ngapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Mtu aliyebeba bili ya watu miaka mitatu bila kusema atakutolea orodha ya madeni mpaka ya mwaka juzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenu ninyi ni kumbukumbu za miamala kwenye simu ya mtu mmoja ambaye naye ameshapata sita kichwani.

Angalia lakini nani kaumia katika hesabu zote mbili. Shimo lilipotokea, la Injinia au la mgeni, hela ya kwanza kuchotwa ilikuwa ya yule dada. Nyama haikukatwa. Bia haikukatwa hata moja. Mhazini hakuona kama anaiba. Aliona bili lazima itimie, na tip ndiyo pekee isiyokuwa na mtu wa kuidai pale kaunta. Nimeyaona haya kwenye meza nyingi, na mezani kwangu pia nilipokuwa na umri wako. Watu wanatangaza asilimia kwa sauti, mhudumu anatabasamu kwa sababu kasikia, halafu anaachiwa kilichobaki baada ya wakorofi kukwepa.

Binti wa mdogo wangu alifanya kazi baa miaka miwili, akilala kwangu. Alikuwa na kidaftari cha kurasa nne alichokikata kutoka daftari la shule, kinakaa mfuko wa aproni, kimelowa bia kimekauka mpaka kinalia kikikunjuliwa. Ndani ameandika: kona ya tivii bia 9, maji 1. Chini ya mwembe bia 14, hawajalipa nyama. Pale kwao mhudumu alikuwa anachukua vinywaji kaunta kwa jina lake, na kufunga hesabu ni juu yake. Mteja akila kona bila kulipa, anakatwa yeye. Chupa ikivunjika, yeye. Meza ya watu sita waliochangamka ikipungukiwa 8,000 na wote wanaapa wameshatuma, yeye. Asubuhi nyingine alikuwa anarudi anaomba nauli ya jioni. Sisemi kila baa iko hivyo. Nasema ukiona mhudumu anasimama karibu na meza yenu wakati mnahesabu, usidhani anawasikiliza umbea.

Sasa kodi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haiongezwi juu ya risiti, mwanangu, imo tayari. Bei uliyoisoma kwenye menyu, bia 4,000, ndiyo bei yenye kodi ndani. Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na risiti ya mashine ya EFD inakuonyesha tu mgawanyo: mstari mmoja wa jumla bila kodi, mwingine wa kodi, na wa mwisho jumla pamoja na kodi. Chukua hiyo picha uliyonayo uikuze. Utaona 200,000, kisha 36,000, kisha 236,000. Wa mwisho ndio mnaodaiwa. Ukitaka kuhakiki, gawanya jumla kwa 118, zidisha kwa 18. Yenu ilivyo nzuri inatoka kamili: 236,000 gawanya kwa 118 ni 2,000, mara 18 ni 36,000. Katika kila shilingi 118 mlizolipa, 100 ni za baa na 18 ni za serikali. Na kama mauzo ya mahali kwa mwaka hayafiki milioni 200, kwa kawaida hawajasajiliwa VAT, hivyo mstari huo hautakuwa na kitu, na mtu akikuongezea kodi kwa mdomo muulize namba yake ya usajili.

Binamu hakuwa na nia mbaya, amezoea kwao. Houston bei ya menyu ni ya chakula kitupu, kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 inakuja kuongezwa chini ya bili, na tip juu yake. Macho yake yakasoma risiti ya Sinza kwa Kihouston. Hata ile asilimia 20 ina sababu yake huko. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata tip dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25, nacho ni cha tangu 2009. Tip ndiyo inayotarajiwa kuziba hiyo nafasi, na isipotosha mwajiri anatakiwa aongeze. Texas wanafuata hicho cha 2.13. Ndiyo maana mtu wa Houston akiacha meza bila tip anajisikia kama amekula mshahara wa mtu, na kwa hesabu za kule hakosei sana.

Kwetu hakuna sheria inayokudai asilimia yoyote. Kuna mazoea, nayo yanategemea mahali. Kwa mama ntilie hakuna anayetoa tip, ukisema "chenji baki nayo" inatosha na anafurahi. Baa za kawaida watu huacha buku, buku mbili, buku tano. Mahoteli na migahawa ya kitambaa mezani, asilimia 10 ni ya heshima. Ila huko soma bili kwanza, kwa sababu wengine wameshaandika gharama ya huduma humo humo, na ukiongeza yako umelipa mara mbili. Ukivuka kwenda Nairobi utakuta kwenye menyu wameandika bei zina VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na mahali pengine huduma pia. Soma yale maandishi madogo ya chini.

Kwa meza yenu ya bia 33, mimi ningetoa asilimia 10. Yule dada amekwenda kaunta na kurudi mara ngapi? Kuipata hakuhitaji tochi: futa sifuri moja. Na ifute kwenye jumla isiyo na kodi, yaani 200,000, inabaki 20,000. Mhudumu amekuletea mbuzi na kuku, hajakuletea kodi. Ukiona 20,000 ni nyingi kwa mwezi mgumu, gawanya kwa mbili, acha 10,000. Lakini usitangaze 54,400 halafu utoe tano.

Na hela yake isipite kwenye simu ya Mhazini kabisa. Hapa ndipo nataka ubadilishe utaratibu hata kama mengine yote yatakushinda. Kila mtu aje na noti yake ya tip mfukoni, ziwekwe kwenye kisahani cha risiti, mmoja wenu amkabidhi dada mkononi kabla hamjainuka. Mkikosa noti, mwombeni namba yake mtume moja kwa moja, na ongezeni ya kutolea, maana elfu kumi ikifika kwake ikakatwa kwa wakala si elfu kumi tena. Ikishakuwa mkononi mwake hakuna shimo la Injinia litakaloifuata.

Haya, tuje kwako. Sitakwambia uvumilie, miaka mitatu ni mingi. Tuihesabu Ijumaa yenu upya, na tumsamehe mgeni kama mlivyofanya, ni sawa, mgeni siku mbili, akija Ijumaa ya tatu mpeni jembe. Wanaolipa ni watano. Nyama, kuku, ndizi, chipsi na maji ni vya wote: 98,000, kila mtu 19,600. Soda kila mtu na yake: wewe 3,000, Mama Pacha 3,000. Bia 132,000 wanagawana wanne waliokunywa, pamoja na za mgeni: 33,000 kila mmoja. Tip 20,000 kwa watano, 4,000. Wewe unatoka na 26,600. Mhazini, Mwalimu na Injinia 56,600 kila mmoja, Mama Pacha 59,600. Jumlisha zote: 256,000, yaani bili na tip, hakuna kilichobaki wala kilichopungua.

Sasa tazama jambo ambalo naona hukuliona. Mwalimu alilipa 54,400 bila kulalamika. Kwa hesabu ya haki angelipa 56,600. Tofauti ni 2,200, hata bia moja haifiki! Wewe ndiye uliyezidishiwa 27,800. Hofu yako yote ya kuitwa mkono wa birika inalinda 2,200 za watu ambao wasingeshtuka. Zile 27,800 zako zilitokana na bia ambazo hukunywa, kodi isiyokuwepo na tip isiyofika.

Kwa hiyo waambie, na uwaambie mapema. Bili ikishafika mezani na watu wameshakunywa sita sita, hata Nabii Sulemani asingeigawa. Alhamisi asubuhi, wakati watu wako kazini na akili zao, weka kwenye grupu maneno machache tu:

"Jamani kesho tupo? Naomba tuanze kutenganisha chakula na bia, chakula tugawane wote, bia wanywaji wagawane wenyewe. Mimi na soda zangu nitajilipia. Na kila mtu aje na elfu nne tano ya noti ya dada."

Usieleze zaidi. Usitaje miaka mitatu, usitaje Houston. Atakayejibu ni Mama Pacha, nahisi, maana naye alianza jioni na soda mbili na huenda siku moja atataka kuishia hapo hapo. Atakayetania atatania, mjibu kwa utani, usirudi nyuma. Ukifika mezani mwambie dada aandike bili mbili tangu mwanzo, ya jikoni na ya vinywaji. Hawakatai, kwao ni rahisi zaidi kuliko kutenganisha saa sita usiku. Na vizibo vya bia visitupwe chini, viwekeni kwenye kisahani. Siku yoyote kukiwa na ubishi wa bia 33 au 29, vihesabuni.

Injinia ni kesi yake. Mtu ambaye mtandao unamsumbua kila mwisho wa mwezi, tena wakati wa bili tu, mimi ningemwomba atume kabla ya kuagiza. Mwambieni kwa kucheka lakini mwambieni: tuma 30,000 sasa kwa Mhazini, tutarekebisha mwisho. Kama mtandao uko chini saa moja jioni, baa ina wakala wa fedha pale nje.

Kuhusu yule dada, usimweleze chochote kuhusu 54,400. Kumwambia mtu hela aliyokosa ni kumuumiza mara ya pili. Akirudi famasi kumnunulia mtoto dawa, mhudumie vizuri, basi.

Ukishaongea na Mhazini niandikie tena. Nataka kujua Injinia alituma au hakutuma.

Shangazi yako